Rimoti desktopu inagoma kati ya kompyuta mbili za nyumbani, niko Mtwara, naombeni msaada

DadaWaChuno

Habari za muda huu wakuu. Naombeni msaada kwa mwenye uelewa na hii kitu maana tangu juzi inanisumbua na kazi za watu zinalala.

Niko Mtwara mjini, Chuno. Nyumbani nina kompyuta mbili. Moja ni desktopu, Dell OptiPlex ya mtumba, ipo chumba cha mbele ambacho nimekifungua stationari, naprinti, natoa kopi, nachapa barua, na ukifika msimu wa korosho makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wananiletea madaftari yao niwaingizie majina ya wakulima na kilo kwenye Excel. Yale madaftari mengine yameandikwa kwa penseli, kurasa zina vumbi la ghalani, mstari mmoja unaweza ukausoma mara tatu ndo uelewe kama ni 68 au 63, kwaiyo ni kazi ya kukaa na kutulia. Kazi zote ziko humo kwenye desktopu na printa imechomekwa humo humo. Ya pili ni laptopu yangu ya siku zote.

Sasa mama yangu amefanyiwa upasuaji wa nyonga, yuko chumba cha ndani kabisa, hawezi kuinuka mwenyewe na mimi ndo niko naye. Mdogo wangu anakaa pale mbele anapokea wateja ila kuchapa bado. Nikawaza nikiwa nimekaa na mama kule ndani niingie kwenye desktopu kwa kutumia laptopu, nichape, nikimaliza nibonyeze printi karatasi itokee kule mbele mdogo wangu amkabidhi mteja.

Nimewasha Remote Desktop kwenye desktopu, nikachukua IP yake (namba yake ya kwenye mtandao) nikaiandika kwenye laptopu, inazungukaa weee mwisho inaleta ujumbe kwamba haiwezi kuunganisha, eti ama rimoti haijawashwa kule, ama kompyuta imezimwa, ama haipatikani kwenye mtandao. Sasa imewashwa naiona kwa macho yangu, rimoti nimeiwasha mwenyewe, intaneti ipo kote kote hadi WhatsApp inafunguka. Shida itakuwa nini jamani?

FundiMikindani

Pole sana dada na mgonjwa, Mungu amjalie mama apone haraka.

Huo ujumbe wa sababu tatu usikuchanganye, yani kwa lugha nyepesi unasema tu "nimeita sijajibiwa", hausemi kwanini. Kabla hujagusa setingi yoyote tujue kwanza safari inakatikia wapi, maana rimoti ina hatua zake: laptopu iijue njia ya kufika kwenye desktopu, ikifika ikute poti 3389, yani mlango ambao rimoti inapitia, iko wazi, alafu ndo iulizwe jina na paswedi. Ni kama kwenda kwa mtu, kuna kukosea mtaa, kuna kufika ukakuta geti limefungwa, na kuna kufunguliwa geti ukaulizwa we nani. Wewe kwa ujumbe ulioupata bado hujafika hata kuulizwa we nani, kwaiyo paswedi tuiache kwanza.

Naomba majibu ya haya:

Kwenye desktopu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, itakuambia ni Windows gani. Hapa naangalia kama ni Home au Pro. Windows Home haipokei rimoti desktopu, inaweza tu kwenda kwa wenzake. Inayopokea ni Pro, Enterprise au Education. Laptopu unayotokea yenyewe hata ikiwa Home haina shida.

Alafu kwenye kompyuta zote mbili fungua ile skrini nyeusi ya cmd, andika ipconfig, utuletee mstari wa IPv4 Address (ndo hiyo IP) na wa Default Gateway (namba ya rauta inayotokea nje) wa kila moja. Hizo namba zinazoanza na 192.168 ziweke tu hapa, hazimfikishi mtu wa nje kwako.

Kijana_Ligula

Dada mbona hiyo rahisi, zima fayawoli (ule ulinzi unaozuia wa nje wasiingie) kwenye kompyuta zote mbili, alafu ingia kwenye rauta fungua poti 3389 ielekee kwenye desktopu, mi nilimfanyia jamaa mmoja ikakubali hapo hapo.

MwlNachingwea

Kijana wangu hapo naomba nikuzuie kidogo, na dada tafadhali usifanye hivyo.

Kufungua poti kwenye rauta ni kwa ajili ya mtu anayetoka nje kwenye intaneti kuja ndani. Dada yuko ndani ya nyumba moja na desktopu yake, safari yake haitakiwi kutoka nje kabisa, kwaiyo hiyo poti haimsaidii chochote. Ila inamuweka pabaya, maana kuna programu zinazunguka intaneti nzima usiku na mchana kutafuta 3389 iliyo wazi, zikiipata zinajaribu majina na paswedi bila kuchoka, na wakiingia mchezo wao mkubwa ni kufunga mafaili yote kisha wanakudai hela. Mwaka 2019 lilitangazwa tundu lililoitwa BlueKeep kwenye hiyo hiyo rimoti desktopu, Windows 7 na za nyuma yake mtu aliweza kuingia bila hata kujua paswedi. Microsoft walitoa marekebisho mpaka ya Windows XP ambayo walishaacha kuihudumia, hapo ujue lilikuwa jambo zito. Sasa fikiria kwenye hiyo kompyuta kuna kilo za wakulima wa msimu mzima. Mkulima anasubiri malipo yake kwa hayo maandishi.

Na kuzima fayawoli yote pia hapana. Kinachotakiwa ni kuiruhusu rimoti tu ipite, mengine yabaki yamefungwa.

Kijana_Ligula

Sawa mwalimu nimekuelewa, hilo la BlueKeep sikuwahi kulisikia. Yule jamaa ntamcheki leo leo tuifunge ile poti.

DadaWaChuno

Asanteni sana, na dua zenu zimefika kwa mama.

Desktopu ni Windows 11 Pro. Laptopu ni Windows 10 Home.

Desktopu: IPv4 192.168.1.14, Gateway 192.168.1.1
Laptopu: IPv4 192.168.8.102, Gateway 192.168.8.1

Poti kwenye rauta sijagusa.

FundiMikindani

Hapo hapo dada, tatizo limejionyesha lenyewe. Angalia namba ya tatu, desktopu iko kwenye 1 na laptopu iko kwenye 8, na Default Gateway zao ni tofauti. Hizi kompyuta ziko nyumba moja ila haziko mtandao mmoja. Hiyo 192.168.8.1 ni namba ya vile vimifi vidogo vya kutia laini, nakisia desktopu inakula rauta ya dukani na laptopu inakula mifi huko chumbani, sivyo?

Ndo maana intaneti ipo kote na bado haziunganiki. Kila moja ina mlango wake wa kutokea nje, lakini hazina njia ya kuonana ndani. Laptopu ikiitafuta 192.168.1.14 inaiuliza mifi, na mifi haijui kitu kama hicho, basi ombi linapotelea hewani mpaka muda unaisha.

Dawa ni kuziweka zote kwenye kimoja. Chukua laptopu uiunge kwenye waifai ya rauta ya dukani, rudia ipconfig, ukiona imepata 192.168.1 namba yoyote hapo mtaa tumeupata.

DadaWaChuno

Ndiyo kabisa, chumbani natumia mifi maana waifai ya dukani huku ndani haifiki, hii nyumba ni ya tofali za bloku na kuna kuta mbili katikati, nikifunga mlango inapotea kabisa.

Nimeibeba laptopu mpaka sebuleni ambako inashika, imepata 192.168.1.22. Nimejaribu tena rimoti, bado inaleta ujumbe ule ule. Nimejaribu na ping 192.168.1.14 (amri ya kuiita uone kama inajibu) nayo inasema Request timed out. Kwaiyo bado hazionani?

FundiMikindani

Ping usiitegemee sana, Windows mara nyingi haiijibu hata kama kompyuta iko mzima wa afya, fayawoli yake inaitupa. Kipimo cha kweli ni kuiuliza ile poti yenyewe. Kwenye laptopu fungua PowerShell andika hivi kama ilivyo:

Test-NetConnection 192.168.1.14 -Port 3389

Subiri, chini itakuandikia TcpTestSucceeded. Ikisema True geti liko wazi, ikisema False limefungwa.

Ikiwa False nenda kwenye desktopu, Settings, Network & internet, bonyeza huo mtandao uliounganishwa nao, utakuta pa kuchagua Public au Private. Ikiwa Public kompyuta inajiona kama iko kwenye waifai ya stendi, haimwamini jirani yoyote. Weka Private kwa sababu huu ni mtandao wa kwako. Alafu tafuta Allow an app through Windows Firewall, shuka mpaka Remote Desktop, hakikisha ina tiki upande wa Private. Na kama una antivairasi ya kununua nayo iangalie, nyingine zinakuja na fayawoli yao wenyewe, unaweza ukahangaika na ya Windows kutwa kumbe mzuiaji ni mwingine.

Jambo jingine, kama rauta yako ina waifai ya wageni, ile ya Guest, hakikisha laptopu haijaingia kwenye hiyo. Ile makusudi yake ni kuwapa watu intaneti bila kuonana na vifaa vya ndani.

DadaWaChuno

Ilikuwa False. Mtandao ulikuwa Public, nimeweka Private, na kwenye fayawoli Remote Desktop haikuwa na tiki nimeiweka. Nikarudia ile amri ikaniletea True!! Nimefurahi mpaka mama akaniita kuuliza kuna nini.

Nikafungua rimoti, saivi imeniuliza jina na paswedi. Nimeandika jina la akaunti ya desktopu, sehemu ya paswedi nikaacha wazi kwa sababu ile kompyuta haina paswedi, mdogo wangu anaiwasha asubuhi inafunguka tu. Inasema akaunti imewekewa vizuizi, hairuhusiwi kuingia, na katikati kuna maneno ya blank passwords.

MwlNachingwea

Hongera, hapo umeshafika hatua ya mwisho. Windows kwa kawaida haimruhusu mtu kuingia kwa mbali na akaunti isiyo na paswedi, ni lazima awe amekaa mbele yake kwenye kiti. Kuna mahali pa kukilegeza hicho kizuizi ila usikilegeze, weka paswedi na kazi iishe. Settings, Accounts, Sign-in options, Password. Mdogo wako itabidi aizoee, na kwa kompyuta inayoshika hesabu za watu wengi ilitakiwa iwe nayo.

Nawasemea na wengine watakaosoma hapa: pini ya namba nne ile unayofungulia kompyuta haifanyi kazi kwenye rimoti, inataka paswedi yenyewe. Na kama kompyuta inafunguliwa kwa akaunti ya Microsoft, yani ya barua pepe, paswedi inayotakiwa ni ya hiyo barua pepe, na jina unaandika MicrosoftAccount\ ukifuatiwa na barua pepe. Ikigoma na hapo, angalia kwenye Sign-in options kuna kitufe kinachoruhusu Windows Hello (kuingia kwa pini, uso au kidole) peke yake, kizime, toka kwenye akaunti, ingia mara moja kwa paswedi ukiwa umekaa mbele ya hiyo kompyuta, kisha jaribu tena kwa mbali. Hilo limewatesa watu wengi kwenye Windows 11 wakidhani paswedi yao si sahihi.

DadaWaChuno

IMEKUBALI! Naiona desktopu nzima kwenye laptopu, mafaili yangu yote haya hapa, nimeprinti ukurasa wa majaribio nikasikia printa inaunguruma kule mbele. Sijui niwashukuruje.

Ila kuna mambo mawili. Moja, nilipoingia mdogo wangu amekuja mbio anasema skrini ya dukani imejifunga na alikuwa katikati ya kumprintia mtu cheti. Hiyo inazuilika? Pili, huku chumbani kwa mama bado mtandao haufiki, sebuleni hapa namsikia ila simuoni.

FundiMikindani

Hilo la kujifunga ndivyo rimoti desktopu ya Windows ilivyo, kompyuta za kawaida zinakubali mtu mmoja tu kwa wakati. Ukiingia wewe kwa mbali wa mbele anafungiwa skrini, akiweka paswedi yake pale mbele unatolewa wewe. Kazi iliyokuwa wazi haipotei, inaendelea pale ilipoachwa, lakini wawili pamoja haiwezekani. Kuna watu wana vifaili vya kuichezea Windows ikubali wengi, mi siwashauri, masasisho yakija vinavunjika, na hujui aliyevitengeneza kaweka nini ndani.

Mkitaka wote muone skrini moja kwa pamoja, yani we uko chumbani na mdogo anaona unachofanya, tumieni RustDesk. Ni ya bure na inakubali hata kwenye Windows Home. AnyDesk na TeamViewer nazo zinafanya hivyo, ila bure yao ni kwa matumizi binafsi na wewe ni biashara, wanaweza wakakukatia katikati ya kazi. Kwa kuchapa madaftari marefu mi bado naipenda rimoti ya Windows, ni laini, maandishi yanakuja safi hata waifai ikiwa dhaifu. Pangeni tu, unapochapa wewe yeye anashughulika na kopi na wateja.

Kuhusu chumbani, mtandao huo hauhitaji kasi kubwa, unahitaji usiokatika. Njia nzuri kuliko zote ni kebo. Vuta kebo ya mtandao kutoka kwenye rauta mpaka chumbani, ipitishe juu ya dari, mwisho wake chomeka kwenye laptopu moja kwa moja. Mita 100 kebo ya kawaida inafika, nyumba yako haiwezi kufika huko. Kama hutaki waya, sogeza rauta ikae koridoni juu juu, itoke nyuma ya lile kabati la chuma la stationari kama iko huko, chuma kinaua waifai kuliko tofali. Ukinunua ekstenda au rauta nyingine ndogo ya chumbani hakikisha imewekwa kwenye hali ya Repeater kama inadaka waifai ya rauta hewani, au Access Point kama imeungwa na rauta kwa kebo. Ukiiacha kama rauta itatengeneza mtandao wake mpya, na vifaa vinaweza kushindwa tena kuonana.

MwlNachingwea

Niongeze kitu dada, maana naona hata bila rimoti kuna njia. Unaweza kuisheya ile printa kwenye mtandao na folda ya kazi pia, ukachapa kwenye laptopu yako kwa Excel ya laptopu, faili likakaa kwenye desktopu na printi ikatoka mbele. Hapo mdogo wako hafungiwi skrini. Angalizo ni moja, faili moja la Excel msilifungue wote wawili kwa pamoja, wa pili atalipata la kusoma tu.

DadaWaChuno

Mwalimu hiyo ya kusheya nimeipenda ila laptopu yangu RAM ni 4GB na Excel nikifungua faili la majina mengi inaganda, ndo maana nataka nguvu ya desktopu. Ntaweka zote mbili, barua fupi fupi nachapa kwenye laptopu, madaftari ya AMCOS naingia rimoti.

Rauta kweli ilikuwa nyuma ya kabati la mafaili! Nimeitoa nimeiweka juu ya mlango wa koridoni, chumbani kwa mama inashika mistari miwili na rimoti inaenda bila kukatika. Kebo ntavuta nikipata nafasi. Niko hapa pembeni ya kitanda nimeshaanza daftari la kwanza.

Naomba kuuliza la mwisho. Kaka yangu yuko Lindi, yeye ndo ananisaidiaga kuhakiki hesabu kabla hazijarudi kwa karani. Anaweza na yeye kuingia kutokea huko Lindi?

FundiMikindani

Anaweza, ila siyo kwa kuandika 192.168.1.14, hiyo namba akiwa Lindi haimfikishi kokote. Na ile njia ya kufungua poti mwalimu ameshaieleza hatari yake. Zaidi ya hapo intaneti za laini za simu hukuti mteja ana anwani yake peke yake, kampuni inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiingia kwenye ukurasa wa rauta ukakuta IP ya upande wa nje inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi hata ukifungua poti hakuna kitakachoingia.

Tumieni Tailscale. Unaiweka kwenye desktopu na kaka anaiweka kwenye ya kwake, mnaingia kwenye mtandao mmoja wa siri, kila kompyuta inapewa namba yake inayoanza na 100, kaka anaandika hiyo namba kwenye rimoti kama vile yuko sebuleni kwako. Hakuna poti inayofunguliwa kwa dunia. Ukiona hiyo ni ndefu, Chrome Remote Desktop nayo inafaa, mnahitaji akaunti ya Google na pini. Akiingia kwa rimoti ya Windows ile habari ya kufungiana skrini ipo pale pale, kwaiyo mpigiane simu kwanza.

KorongoLaLindi

Mimi niko Lindi, Mtanda, natumia Tailscale hivyo hivyo kuingia kwenye kompyuta ya nyumbani nikiwa Masasi kikazi, inafanya vizuri sana. Kinachonikwamisha ni mambo ya huku kwetu, umeme ukikatika ukarudi kompyuta inabaki imezima na nyumbani hakuna wa kuiwasha, na siku nyingine umeme upo ila kompyuta imelala, ukiita hujibiwi. Dada na kaka yake watakutana na hilo hilo. Fundi hapo tunafanyaje?

FundiMikindani

Umeuliza la maana mkuu.

Kulala: Settings, System, Power, pale kwenye Sleep weka Never kwa wakati imechomekwa umeme. Skrini iache izime yenyewe, hiyo haina madhara kwa rimoti na inapunguza luku.

Umeme kurudi: hii iko kwenye BIOS, yani setingi za kompyuta yenyewe kabla Windows haijafunguka. Kwa Dell ya dada, ukiiwasha gonga F2 mfululizo mpaka uingie, tafuta Power Management, ndani yake kuna AC Recovery, chagua Power On. Ukichagua Last Power State itajiwasha kama tu umeme ulikatika ikiwa imewaka, nayo si mbaya, ila kama mdogo wako aliizima jioni, hata umeme ukikatika na kurudi usiku haitaamka. Kwa kompyuta nyingine jina linabadilika kidogo, tafuta maneno yanayofanana na hayo.

Na weka UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) pale chini ya meza, uchomeke desktopu pamoja na rauta. Rauta watu wanaisahau, umeme ukikatika kompyuta inabaki inapumua kwenye UPS lakini waifai imekufa, na dada kule ndani anatupwa nje katikati ya daftari. Printa usiichomeke kwenye UPS, hasa ya leza, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na kaUPS kadogo kanazimika chote.

Kingine dada, hiyo 192.168.1.14 rauta inaweza kuibadilisha siku yoyote ikizimwa na kuwashwa, kesho ukaandika namba ile ile ikagoma ukadhani imeharibika. Ingia kwenye rauta, tafuta sehemu ya DHCP, ndo inayogawa hizo namba, kuna pa kuifungia desktopu namba yake moja isibadilike.

DadaWaChuno

Nimeshaweka Sleep Never, na hiyo ya BIOS nimemwelekeza mdogo wangu kaifanya mwenyewe, tukazima kompyuta vizuri, tukazima swichi ya ukutani, tukawasha, ikajiwasha yenyewe. UPS nasubiri hela ya karani wa kwanza. Ya DHCP nimeikuta ila inaniuliza MAC address, naitoa wapi?

MwlNachingwea

Kwenye desktopu andika ipconfig /all, tafuta mstari wa Physical Address, ndo hiyo MAC address, ni herufi na namba kumi na mbili zikiwa jozi sita za mbili mbili zimetengwa na vistari. Hakikisha ni ya kile kifaa kinachotumika, kama desktopu iko kwa kebo chukua ya Ethernet, usichukue ya waifai. Rauta nyingine inataka nukta mbili (:) badala ya vistari, badilisha hivyo tu, alafu hifadhi na uiwashe rauta upya.